Tujifunze Kilimo: Vanila Inataka Jicho na Daftari



Katika somo hili tutazungumza juu ya vanila. Wengi wetu wa Bukoba na Muleba tunaifahamu kwa macho. Tumeiona kibanjani kwa jirani, imepanda juu ya mti wa mbono, majani yake manene yanang'aa. Wengine tunayo wenyewe nyuma ya nyumba. Lakini tukiulizana darasani nani amepata mavuno ya maana kutoka katika mashina yake, mikono inayonyooka ni michache. Shina lipo, majani yapo, maua yalikuja, mavuno hakuna. Au mavuno yalikuwepo, mnunuzi akayanusa, akatikisa kichwa.

Ardhi yetu haina kosa, na mvua tunayo. Mara nyingi sababu ni mbili. Ua lilipofunguka sisi tulikuwa tumekwenda mahali pengine. Na ganda lilipokuwa bado changa, sisi tulilichuma. Yote mawili ni mambo ya tarehe. Ndiyo maana tunaliweka somo hili katika gazeti la watu waliohitimu kisomo, watu wenye kalamu na daftari nyumbani.

NI MMEA WA NAMNA GANI?

Vanila ni ya ukoo wa mimea inayoitwa okidi. Okidi nyingi za nchi za joto huishi juu ya miti. Mtu akiingia katika msitu wa Minziro, kule karibu na mpaka wa Uganda, ataziona zimekaa kwenye matawi na mizizi yake iko nje. Watu wengine hudhani zinaunyonya mti, kama kupe anavyomnyonya ng'ombe. Sivyo. Okidi imeazima mahali pa kukaa tu. Chakula chake hutoka kwenye mvua, umande, na majani yanayooza juu ya magome.

Vanila ni nusu kwa nusu. Huanzia ardhini, nayo ina mizizi mifupi inayotambaa juu juu chini ya majani makavu. Kisha hupanda mti, na kwenye kila kifundo hutoa mzizi mwingine wa kushikilia gome. Ukilijua hili umekwisha kujua nusu ya utunzaji wake. Mmea huu hautaki kuzikwa chini sana. Hautaki jembe karibu na mizizi. Hautaki kusimama ndani ya maji. Unataka matandazo, kivuli cha wastani, na mti wa kuegemea.

Asili yake ni Meksiko na nchi jirani za huko Amerika. Inapenda joto la nyuzi 20 hadi 30, hewa yenye unyevu na mvua nyingi. Kisha inataka kiangazi kifupi ili iamke na kutoa maua. Upande wetu wa ziwa unayo mambo hayo yote, na kibanja chenye migomba, kahawa na miti michache ni nyumba nzuri kwake. Kwenye rweya wazi, penye upepo na jua kali, tusijisumbue.

Zao hili lilienea mkoani Kagera katika miaka ya 1990. Mradi wa Maendeleo ya Wakulima, ambao watu waliuita MAYAWA, ulisaidia kulieneza. Jirani zetu wa Uganda, hasa upande wa Mukono, wanalilima kwa wingi.

KUPANDA

Anza na mti wa kuegemea. Mbono kaburi hufaa, kwa sababu huota upesi, na gome lake huishika mizizi vizuri. Panda miti hiyo miezi sita hadi mwaka mmoja kabla ya vanila, ukiacha mita mbili na nusu hadi tatu kati ya mti na mti. Mti mdogo mno utaelemewa, utalala chini pamoja na mgeni wake.

Vanila hupandwa kwa kipande cha shina. Chagua shina lenye afya, kata kipande cha mita moja au zaidi kidogo. Ondoa majani matatu au manne ya upande wa chini. Kisha usikipande siku hiyo hiyo. Kiweke kivulini siku kadhaa, hata wiki moja, kidonda kikauke. Mtu anayezoea kupanda viazi huona jambo hili ni uvivu, lakini kidonda kibichi ndicho mlango wa ugonjwa wa kuoza.

Wakati wa kupanda, laza sehemu isiyo na majani juu ya udongo, ifunike kwa udongo kidogo sana na majani makavu ya migomba au makapi ya kahawa. Ncha ya chini ya kipande ibaki nje. Sehemu ya juu ifunge kwenye mti kwa kamba laini ya mgomba, usikaze.

Baada ya hapo kazi ni ya kupita na kuangalia. Shina likizidi kimo cha mtu, lishushe taratibu, lipite juu ya panda la mti, lining'inie, kisha lielekeze tena juu. Tunafanya hivyo ili maua yawe mahali mkono unapofika. Ongeza matandazo kila yanapopungua. Palilia kwa mkono. Kuku nao wasiachwe kuchakura hapo, maana kuku mmoja kwa nusu saa anaweza kufukua mizizi yote uliyoilea mwaka mzima.

Ukiona shina linageuka njano na mizizi inakuwa ya kahawia na kuoza, hiyo ni kuvu ya udongoni. Ling'oe, lichome moto, usipande vanila nyingine hapo hapo. Wala usikate vipande vya kupanda kutoka shamba lenye ugonjwa huo, hata kama mwenye shamba ni shemeji yako na anakupa bure.

UA LA ASUBUHI MOJA

Vanila huanza kutoa maua ikiwa na umri wa miaka miwili na nusu au mitatu. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo tunapokaa zaidi katika somo hili.

Maua huja kwa vichala. Kichala kimoja kinaweza kuwa na vitumba 15 hadi 20. Havifunguki kwa pamoja. Leo linafunguka ua moja, kesho jingine au mawili, hivyo hivyo kwa wiki tatu hivi. Kila ua hufunguka alfajiri na kufa siku hiyo hiyo. Likipita mchana halijachavushwa, basi. Hakuna kesho yake.

Kuchavusha ni nini? Ua la vanila lina unga wa kiume, yaani chavua, na lina sehemu ya kike inayoupokea. Vyote viwili vimo ndani ya ua moja, tena vimekaribiana kama watu wa nyumba moja. Lakini katikati yao kuna kiulimi chembamba cha ngozi, kama pazia. Kwa sababu ya pazia hilo, ua haliwezi kujichavusha lenyewe. Huko Meksiko wapo wadudu wa kwao wanaoifanya kazi hiyo. Kwetu hawapo. Nyuki wetu ni hodari kwa mibuni na kwa asali, lakini usimtegemee kwa vanila. Mdudu wa vanila hapa Kagera ni wewe.

Wazungu waliuchukua mmea huu kutoka Amerika wakaupeleka kwao na kwenye makoloni yao. Kwa miaka mingi uliota na kutoa maua bila kuzaa. Mwaka 1836 mtaalamu wa Ubelgiji, Charles Morren, alifanikiwa kupata matunda kwa kuchavusha kwa mkono. Lakini njia rahisi, ile tunayoitumia kibanjani, iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Bourbon, kinachoitwa leo Réunion, kwenye Bahari ya Hindi. Aliyeigundua alikuwa mtoto mtumwa wa miaka 12. Jina lake Edmond, na baadaye alipewa jina la pili, Albius. Alitumia kijiti na kidole gumba. Njia yake ilienea dunia nzima na kutajirisha watu wengi. Yeye mwenyewe alikufa maskini mwaka 1880. Tunalitaja jina lake kwa kuwa kila asubuhi ya msimu vidole vyetu hufanya alivyofanya yeye.

Sasa tufuate hatua kwa hatua. Chonga kijiti cha mwanzi kama njiti ya kiberiti, ncha yake iwe butu kidogo, isichome. Nenda shambani asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili, na maliza kabla ya saa tano. Shika ua kwa mkono wa kushoto, uliegemeze kwenye vidole. Ua lina jani moja lililojikunja kama bomba. Lipasue upande mmoja kwa kijiti, utaona kikonyo cheupe ndani, na juu yake chavua ya njano. Ingiza kijiti chini ya kile kiulimi, kiinue kirudi nyuma. Kisha kwa kidole gumba bonyeza chavua taratibu iguse sehemu ya kike yenye utelezi. Ondoa kijiti. Umemaliza.

Mara ya kwanza utaharibu maua. Hiyo ndiyo ada ya kujifunza. Anayezoea huchavusha ua moja kwa sekunde chache, na wapo mafundi wanaofika maua 1,000 kwa siku. Akina mama wengi hujifunza upesi kuliko sisi wanaume, labda kwa sababu mikono yao imezoea kusuka mikeka na haina haraka ya kwenda popote. Mzee mmoja alitwambia kazi hii ni kuliozesha ua. Hatukuweza kupata maelezo bora kuliko hayo.

Utajuaje kama limeshika? Ua lililoshika hunyauka lakini halidondoki. Ambalo halikushika hudondoka kesho yake au keshokutwa.

Usichavushe maua yote. Katika kichala kimoja chukua manane hadi kumi, yale ya upande wa chini, ili maganda yaning'inie vizuri yasipindane. Shina changa lipewe mzigo mdogo zaidi. Tamaa ya msimu mmoja huliua shina, na shina likifa umerudi miaka mitatu nyuma.

MIEZI TISA

Hapa tunaomba msome polepole.

Baada ya kuchavushwa, ganda hukua kwa kasi. Kwa wiki sita hadi nane hufikia urefu wake wote, sentimita 15 hadi 20. Halafu husimama. Halirefuki tena. Mtu akilitazama analiona nene, kijani kibichi, limejaa. Katika darasa moja mwanafunzi alilileta ganda la namna hiyo.

"Mwalimu, si limekomaa hili? Halikui tena."

"Hapana, mama. Limemaliza kurefuka. Halijamaliza kuiva."

"Mbona mnunuzi wa njiani alisema analichukua hivi hivi?"

Mnunuzi wa njiani alisema kweli, angelichukua, kwa bei ya njiani. Harufu ya vanila, ambayo ndiyo mali yenyewe, hujijenga ndani ya ganda katika miezi ya mwisho. Ganda huiva baada ya miezi minane hadi tisa tangu kuchavushwa. Likichumwa kwenye mwezi wa tano au wa sita, likikaushwa hubaki jepesi, halina harufu, na huota ukungu upesi. Kwa lugha ya kibanjani, ndizi ya kupika huikata mbichi kwa sababu ndivyo inavyoliwa. Kahawa huingoja iwe nyekundu. Vanila iko upande wa kahawa.

Jicho peke yake haliwezi kutofautisha ganda la miezi mitano na la miezi minane. Yanafanana kabisa. Ni mwisho mwisho tu ndipo ncha ya chini huanza kugeuka njano, na ukichelewa hapo ganda hupasuka. Basi miezi yote ya katikati, kitu kinachojua umri wa ganda ni daftari lako.

Chora mistari kwenye daftari. Yape mashina namba, na kila mti uutie alama ya namba hiyo kwenye kibao. Kisha andika kila asubuhi kabla hujanawa mikono:

Shina 1. Oktoba 5. Maua 6. Kuvuna: Julai 5.
Shina 1. Oktoba 8. Maua 4. Kuvuna: Julai 8.
Shina 2. Oktoba 8. Maua 9. Kuvuna: Julai 8.

Tarehe ya kuvuna umeipata kwa kuhesabu miezi tisa mbele. Wiki tatu kabla ya tarehe hiyo anza kupita kuangalia ncha. Vuna moja moja, lililoiva tu, maana hata katika kichala kimoja hayaivi siku moja. Kurasa kumi za daftari hili, zikiandikwa kwa mkono wako, zina faida kuliko mbolea yoyote ya dukani.

Na jambo moja la ndani ya nyumba. Ikiwa mama na watoto ndio walioamka alfajiri msimu mzima kuchavusha, majina yao yaandikwe kwenye daftari hilo pembeni mwa maua waliyoyafanya. Siku ya kuuza, daftari likiwa mezani, maongezi ya fedha huwa mafupi na ya haki. Tumeona nyumba ambazo baba alipokea fedha peke yake, na msimu uliofuata maua yalianguka yote shambani, eti hakuna aliyeamka.

WEZI

Kwa nini watu huvuna mapema hali wanajua? Wengi watakujibu: naogopa wezi. Jibu hilo lina ukweli. Bei ikipanda, usiku shambani hapalaliki. Lakini jirani akivuna mapema kwa kuogopa mwizi, naye mwizi anapata pa kujificha, maana vanila changa imekwisha kuanza kuonekana sokoni. Kijiji kikikubaliana tarehe moja ya kuanza kuvuna, anayekuja na maganda kabla ya siku hiyo ataulizwa ameyatoa wapi. Nchini Uganda serikali imekuwa ikitangaza siku za kufungua mavuno. Mkutano wa kijiji au chama cha msingi kinaweza kufanya hivyo hapa kwetu bila kungoja mtu.

Ipo njia nyingine inayotumika Madagaska, nayo inawafaa sana watu waliojifunza kuandika. Mkulima huchomeka sindano chache kwenye kizibo, zikapangwa ziwe herufi. Ganda likiwa bado kijani hulitoboatoboa juu juu kwa sindano hizo. Kovu hubaki, hata ganda likisha kaushwa linasomeka. Basi andika herufi za kwanza za jina lako kwenye mali yako. Mwizi hawezi kuzifuta.

KUKAUSHA NA KUUZA

Kukausha hatutalimaliza leo, lina somo lake. Kwa ufupi, maganda huchovywa dakika tatu kwenye maji ya nyuzi 63 hadi 65, hufunikwa kwa blanketi yatoke jasho, hupewa jua saa chache kila siku, kisha kivuli cha wiki kadhaa, kisha hufungiwa sandukuni miezi ili harufu ikolee. Maji yakichemka umeyapika, umepoteza. Asiye na kipimajoto auze mbichi kwa kikundi kinachokausha pamoja. Kilo tano hadi sita za mbichi hutoa kilo moja kavu. Siku ya mizani simama karibu, soma mwenyewe, andika, omba stakabadhi.

Juu ya bei tuseme wazi. Mwaka 2000 kimbunga kilipiga Madagaska, nchi inayolima vanila nyingi kuliko zote, na kufikia 2003 kilo moja kavu ilifika kama dola 500 katika soko la dunia. Muda si mrefu ikaanguka chini ya dola 50, na wakulima wengi wakang'oa. Mwaka 2017 kimbunga kingine, Enawo, kikapiga huko huko, na bei ikapanda tena hadi kama dola 600. Halafu ikaanguka tena. Anayekuja kijijini kukuuzia miche kwa hesabu ya bei ya mwaka mzuri, mwulize bei ya mwaka mbaya. Maoni yetu ni kwamba vanila isiondoe mgomba hata mmoja. Mashina 20 au 30 kati ya mibuni, yanayotunzwa vizuri, yanatosha kwa familia moja kuanzia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ua la vanila hufunguka kwa muda gani? Nani nyumbani kwako yuko huru saa hizo?
2. Umechavusha maua 7 Machi 20. Utaanza kuvuna lini?
3. Una kilo 18 za vanila mbichi. Zikikaushwa, na kilo 6 mbichi zikitoa kilo 1 kavu, utapata kilo ngapi?
4. Ganda limefikisha sentimita 18 na lina miezi mitatu. Mnunuzi yuko mlangoni na fedha mkononi. Utamjibu nini?
5. Kijiji chenu kikitaka kupanga tarehe moja ya kuvuna, nani ataandika tangazo, na litabandikwa wapi?